Mwaga Tuone Chini

Modesta hakuwahi kununua tenga la nyanya kwa kuangalia juu. Juu kila mtu hupanga vizuri, hata mwizi. Yeye husimama kando, mikono nyuma, akasema neno lake ambalo magulio yote ya huku milimani yamelizoea: "Mwaga tuone chini." Mkulima atalalamika, ataapa, atamtaja marehemu mama yake. Modesta anasubiri. Mwisho tenga linamwagwa juu ya gunia na ukweli unabingirika hadi miguuni pa watu.

Lakini kanuni ina pande mbili. Ukimwaga ukakuta chini kubovu, bei umeishika wewe. Ukimwaga ukakuta chini kuzima kama juu, unapiga magoti mbele za watu na kuzipanga nyanya zile moja moja kwa mikono yako mpaka tenga lijae kama ulivyolikuta. Anayemwaga bure, hupanga. Modesta hakuitunga kanuni hiyo, aliikuta, na amekwisha kupiga magoti mara nyingi bila kuona haya. Magoti huoshwa.

Alianza na beseni la karoti kichwani, akitembea kutoka kwao Mlalo. Mumewe alikuwa ameshuka Tanga kutafuta kazi, akaipata, pamoja na mke mwingine. Modesta hakumfuata. Alitoka kwenye beseni akaingia kwenye magunia, kutoka kwenye magunia akanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho mtu mnene akikaa mbele dereva huendesha kwa kuomba radhi. Kanisani hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, ili ibada ikiisha awe wa kwanza kuwakuta wakulima nje. Mtoto wake mmoja, Happiness, yuko shule ya bweni. Marafiki anao wachache, wateja wengi, na hajawahi kuona sababu ya kubadilisha uwiano huo.

Dereva wake ni Ulimboka. Huyu alizaliwa Rungwe, akaletwa mdogo wazazi wake walipokuja kuchuma chai, akakulia huku huku. Kishambaa anakijua, ila anakiongea kwa kukivuta, na siku za raha watu humchekea wakamwita mgoshi, yaani Mshambaa, wa kuazima. Naye hucheka. Siku zisizo za raha, hucheka zaidi, ili yapite.

Kirikuu kikishusha kabichi Mombo hakirudi kitupu. Kurudi na matenga matupu ni kuendesha hasara kupanda mlima, kwa hiyo Modesta hubeba cha kila mtu: mbolea, sabuni, vifaranga kwenye maboksi yenye matundu. Ndivyo alivyojuana na Daktari Loyce, mtafiti wa kituo kidogo kilichoko mbele ya Shume, ukingoni mwa msitu wa kupandwa. Loyce na wenzake huchukua magome na majani ambayo kina mama huchemsha kwa ajili ya viungo vinavyouma, wakayapima kama kweli yana kitu au ni moto wa chai tu. Mzigo wake ulikuwa unakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na gari la kituo lilikuwa limelala gereji.

"Mimi sibebi nisichokijua," Modesta alimwambia kwenye simu. "Ndani kuna nini?"

"Protini, mama. Kipokezi cha binadamu."

"Cha binadamu."

"Cha aina ya binadamu. Hakikutoka kwa mtu. Mama, kwenu Mlalo si mnabebesha pea? Kitawi cha pea ya Kizungu ukikifunga kwenye shina la mti mwingine, mti ule unazaa nini?"

"Pea."

"Umekuwa Mzungu?"

"Umebebeshwa tu."

"Basi. Huko kiwandani wamechukua maelekezo ya mwili wa mtu, yale yanayosema kipokezi hiki kijengwe vipi, wakayabebesha kwenye seli za mdudu zinazokuzwa chupani. Seli zikazaa kipokezi. Hakuna mtu aliyekatwa hata ukucha."

"Na kazi yake?"

"Mwilini hukaa mlangoni mwa seli. Dawa ikija, kipokezi kikiishika, habari inaingia ndani. Kisipoishika, dawa inapita kama maji ya mtaro."

"Kumbe dalali."

Loyce alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo, mama. Dalali. Sasa nisikilize: kifuniko cha boksi usikikaze. Barafu ile haiyeyuki kuwa maji, inageuka hewa. Iache itoke."

"Sawa," alisema Modesta. Neno sawa sokoni lina maana ya kwamba nimekusikia, si kwamba nimekubali.

Boksi lilifika Mombo likiwa jeupe, jepesi, la aina ile ya kubebea chanjo. Jua la Mombo lilikuwa linakaanga lami. Kutoka kwenye ukingo wa kifuniko moshi mweupe ulikuwa unavuja, mwembamba, bila haraka, na Modesta alipouwekea kiganja aliona baridi yote ya daktari inatoroka mbele ya macho yake. Mtu aliyeishi kwa kuzuia kabichi zisinyauke hawezi kuangalia kitu hicho akatulia. Alilivika boksi nailoni, akaliviringisha soluteipu mpaka gombo likaisha, kisha akalikaza kwa mipira ya kufungia mizigo, ile inayokatwa kwenye tyubu za magari.

"Mama, daktari si alisema iachwe?" Ulimboka aliuliza.

"Daktari hajawahi kushusha kabichi hapa mwezi wa pili. Panda."

Wakapanda. Boksi lilikuwa nyuma, katikati ya matenga matupu, chini ya turubai. Soni wakapita, Lushoto wakapita. Walipouacha msitu wa Magamba mvua ilikuwa imeshamaliza kazi yake: mbele, kwenye njia ya Shume, kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka na miti yake kikalala barabarani. Magari yalikuwa yamesimama. Wanaume walikuwa kwenye tope na mapanga na majembe, wanakata matawi, wanafungua njia ya miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usione upande wa pili. Simu haikuwa na mtandao hata wa kudanganyia.

Na wiki ile kulikuwa na maneno. Kila baada ya miaka kadhaa maneno haya hurudi, kama homa: mumiani wanazunguka. Wanyonya damu. Mara gari lenye vioo vyeusi limeonekana Mlola, mara mtoto amekimbizwa na mtu asiyejulikana. Hakuna aliyemjua mtoto mwenyewe, lakini kila mtu alimjua mtu aliyemjua. Modesta alikuwa ameyasikia maneno hayo gulioni akayapita kama anavyopita nyanya zilizolainika. Hakuwa amefikiria kwamba yangemngoja njiani yakiwa na mapanga.

Ulimboka alizima injini. Wakakaa. Nyuma kulikuwa na mlio mdogo, kama mlango unaosukumwa na mtu asiyetaka kusikika. Nailoni ilikuwa inavimba.

"Mama, unasikia?"

Hakuwahi kujibu. Boksi lilipasuka.

Mlio ulikuwa mkubwa kuliko boksi lenyewe. Turubai liliruka, tenga moja likapaa na kuangukia mtaroni, kifuniko kikampita mtu sikioni. Watu walilala kwenye tope, wengine walikimbia. Kisha kukawa kimya, na kutoka nyuma ya kirikuu moshi mweupe ukaanza kushuka. Haukupanda kama moshi wa watu. Ulishuka, ukagusa ardhi, ukatambaa chini ya gari kuelekea miguu yao.

Waliokimbia wakarudi, na mapanga yao.

Aliyetangulia alikuwa Abrahamu, kijana wa mashine za mbao za Shume, mabega kama mlango. Modesta alimjua kwa sura. Siku zote wakikutana alikuwa akisema "Shikamoo mama" kabla hajafika hata karibu. Leo hakusalimu. Panga analibeba kila mtu huku. Lakini kijana wa kilimani kukosa shikamoo kwa mtu wa umri wa mama yake, huyo ameshakutoa kwenye hesabu ya watu.

Abrahamu alichungulia nyuma ya gari. Aligeuza kipande cha boksi kilichokuwa na karatasi iliyobandikwa. Alikuwa amefika kidato cha nne. Kizungu cha kusoma alikuwa nacho. Midomo yake ilitembea, kisha akatafsiri kwa sauti ili wote wasikie.

"Ya binadamu."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Walisogea tu, wakafunga duara. Mlango wa dereva ulifunguliwa na Ulimboka akavutwa nje kwa shati. Mtu mmoja alimsimamisha mgongo kwenye boneti, mwingine akaweka ubapa wa panga kifuani pake, taratibu, kama anayepima kitambaa. Ulimboka alisema jambo kwa Kishambaa, na lafudhi yake ya kuvuta ilisikika kila mahali kwenye ukungu ule. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Huyu si wa huku," mtu alisema.

Abrahamu alimgeukia Modesta. "Mzigo wa nani?"

Yeye alikuwa wao. Baba yake amezikwa Mlalo. Nusu ya watu wale walikuwa wamewahi kumuuzia kitu. Wangemwachia. Alichotakiwa kufanya ni kunyoosha kidole, au hata kutokunyoosha, kuangalia tu upande wa boneti na kuinamisha kichwa. Wangemalizia wenyewe. Akili yake, ambayo ilimlea Happiness na kununua gari, iliiweka hesabu hiyo mezani bila kuombwa, safi, bila doa. Aliiangalia. Kinywa kilikuwa kimekauka na ulimi umeganda juu. Muda ulipita, si mrefu, lakini ulipita.

"Wangu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaisukuma tena. "Mzigo ni wangu. Huyo ni dereva, anaendesha ninapomwambia. Mtoeni hilo panga kifuani."

Hawakulitoa.

"Wako?" alisema Abrahamu. "Mama Happiness, tangu lini unauza watu?"

"Si watu. Ni protini. Ni kitu cha kupimia dawa, cha Daktari Loyce wa kituo. Hakikutoka kwa mtu. Kimebebeshwa, kama pea." Alijisikia anavyosema na akajua haiuziki. Maneno yalikuwa ya kweli na yalikuwa yanatetemeka, na sokoni kitu kinachotetemeka hakinunuliwi.

"Kama pea!" mtu alirudia nyuma. "Anatuambia damu inaota kwenye miti!"

"Maneno ya dalali hayo."

"Choma gari!"

"Na huyo mwenye gari?"

Hapo alisikika mwanamke akipita katikati yao, anasukuma watu kwa kiwiko. Alikuwa bibi mfupi, kanga imelowa mpaka kiunoni, viatu mkononi. Modesta alimtambua na hakufurahi. Mwanahamisi. Mkulima wa nyanya. Msimu uliopita, gulioni, mbele ya wakwe wa bibi huyo, Modesta alimmwagisha tenga lake, akakuta chini kubovu, akalikataa lote. Mwanahamisi hakuwa amemsemesha tangu siku ile.

"Shikamoo bibi," Modesta alisema, kwa mazoea tu, kama mtu anayeteleza hushika hata jani.

"Marahaba." Bibi hakuiacha salamu ianguke, kukosa adabu hakukuwa kwake. Kisha akaweka mikono nyuma, kama Modesta anavyoweka, na akaliigiza neno lake mbele ya kadamnasi, sauti na kila kitu. "Mwaga tuone chini."

Watu waliguna. Wengine walilijua neno lile, lilikuwa limeshawagharimu.

"Nini, unaogopa?" alisema Mwanahamisi. "Nyanya zangu hazikuogopa?"

Modesta aliogopa. Akimwaga, baridi yote inakwisha, na kazi ya Loyce labda imekufa. Asipomwaga, atakufa Ulimboka, na baada ya Ulimboka hasira ikishaonja haitachagua wenyeji. Lakini katika hofu ile aliona kitu anachokijua. Huyu bibi alikuwa hajasema ua. Alikuwa amesema mwaga. Na mtu akikutajia kanuni ya soko, hata kwa kukukomoa, amekubali kwamba mko sokoni.

"Namwaga," alisema. "Lakini kwa kanuni yote, si nusu. Mimi nikimwaga nikikuta kuzima hufanyaje, bibi?"

Mwanahamisi alimkazia macho. "Unapanga."

"Napiga magoti?"

"Unapiga."

"Basi leo mwenye kumwagisha ni wewe. Kukiwa na damu, mimi hapa, fanyeni mnachotaka. Kusipokuwa na damu, unapanga kama ulivyokuta, na mzigo unaendelea na safari. Na yule kijana anatolewa panga kwanza. Mzigo haukaguliwi mtu akiwa ameshikiwa kisu. Hiyo si kukagua, ni kunyang'anya."

"Anapanga bei huyu!" Abrahamu alisema. "Hapa hapa anapanga bei!"

"Mwachie kijana," Mwanahamisi alimwambia aliyeshika panga. "Atakimbilia wapi, kwenye tope hili? Na alivyo mfupi huyo."

Panga lilishuka mpaka usawa wa kiuno. Modesta alilipokea hilo; si vyote hupatikana kwa mara moja.

Alitandika gunia barabarani, akaibeba sehemu ya boksi iliyobaki, akaiinamisha. Vipande vya barafu nyeupe vilimwagika vikifuka moshi, na watu wakarudi nyuma wote kama mmoja. Kijana mmoja aligusa kipande kwa kidole akapiga yowe, "Kinaunguza! Baridi inaunguza!" na duara likatikisika, na mapanga yakapanda tena. Modesta alifumba macho. Alimwona Happiness, akamwona anaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akafumbua.

Katikati ya barafu kulikuwa na kifuko cha plastiki, na ndani ya kifuko kichupa kimoja kidogo, si kirefu kuliko kiungo cha kidole. Hakukuwa na kingine chochote.

Mwanahamisi aliinama. Alikichukua kifuko kwa pembe ya kanga, akakiinua kuelekea ule mwanga kidogo uliokuwepo. Akafunga jicho moja. Akalifungua, akafunga la pili. Akakitikisa.

"Kiko wapi sasa?"

"Chini kabisa, bibi. Hicho kama punje ya chumvi."

"Hiki?"

"Hicho."

Bibi aliangalia tena, muda mrefu kuliko Modesta alivyoweza kuvumilia. Kisha akamsogezea Abrahamu puani. "Soma na hiki, msomi. Hii ndiyo damu ya mtu? Nyeupe? Hata mbu angekataa kuibeba, angesema nimeitwa bure."

Mtu alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha koo lililokauka, lakini kilikuwa kicheko, na wa pili akakifuata. Abrahamu hakucheka. Alikishika kifuko, akakigeuza, akatafuta wekundu usiokuwepo. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho katika baridi ile. Modesta alimwona, na akaelewa kwamba kijana yule mabega mlango alikuwa ameogopa tangu mwanzo kuliko wote, na ndiyo maana ndiye angekuwa wa kwanza kukata.

"Umemwagisha bure, bibi," Modesta alisema. Hakuisema kwa nguvu. Hakuwa nazo.

Mwanahamisi alisonya. Aliangalia tope, akaangalia kanga yake, akaangalia watu waliokuwa wanamwangalia, wakwe zake wawili wakiwemo. Kisha akapiga magoti. Alikusanya vipande vya barafu kwa kanga, kimoja kimoja, akivirusha ndani kila vilipomchoma, huku akitukana kwa Kishambaa kitu kile, waliokitengeneza na waliokinunua. Akaweka kichupa katikati, na mtu akaleta kifuniko kutoka mtaroni.

"Kifuniko kiacheni wazi kidogo," alisema Modesta. "Kinapumua."

"Sasa ndio unajua?" Ulimboka alisema kutoka kwenye boneti. Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili tangu ashikwe.

Mzigo unaendelea na safari, ndivyo walivyokubaliana, na kirikuu kisingeweza kuvuka. Kwa hiyo ulivukishwa kwa miguu. Abrahamu alilipokea boksi bila kuambiwa, akaliweka begani, akatangulia kwenye tope. Watu waliokuwa tayari kulichoma wakamshika mkono mahali pa utelezi asije akalidondosha. Upande wa pili Daktari Loyce alikuwa amesimama kwenye ukungu na pikipiki ya kukodi, hajui lolote. Aliangalia ndani ya boksi, akaangalia soluteipu inayoning'inia, akamwangalia Modesta.

"Mama, si nilikuambia?"

"Uliniambia. Kimekufa?"

"Sijui. Barafu imebaki kidogo. Tutajua tukikipima."

Abrahamu alikuwa anafuta tope mikononi. Alimpita Modesta, akasimama, akarudi hatua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu. Salamu iliyochelewa nayo ni salamu. Hakuwa na hali ya kuikataa.

Aliporudi kwenye gari Ulimboka alikuwa amekwisha okota matenga na kuyafunga. Kwenye shati lake, usawa wa moyo, kulikuwa na alama ya tope iliyonyooka, upana wa panga. Wakaingia. Dereva hakuwasha injini.

"Mama, pale ulipoulizwa mzigo wa nani."

"Nilijibu."

"Ulijibu. Kwanza ulinyamaza."

Ukungu ulikuwa unapita mbele ya kioo. Angeweza kusema koo lilikauka, na lisingekuwa uongo.

"Nilikuwa napiga hesabu," alisema.

"Najua. Siku zote nakuona ukipiga hesabu, naijua sura yako." Hakuwa amekasirika, ingekuwa rahisi angekasirika. "Kabichi nitabeba. Karoti nitabeba, na mbolea, na vifaranga. Mizigo ya kituo sibebi tena. Na siku mlima ukifunga njia, mimi ndiye nitakayeamua kama tunasubiri au tunageuka, si wewe. Hayo ndiyo masharti yangu."

Modesta hakuwahi katika maisha yake kupokea bei ya kwanza. Mtu akitaja, yeye hucheka, hugeuka, huondoka hatua mbili akingoja kuitwa. Aliangalia ile alama ya tope kwenye shati.

"Sawa," alisema, na safari hii maana yake ilikuwa moja tu.

Ulimboka akawasha gari, akaanza kuligeuza.